Siku Niliyompeleka Mzee Jayanti Koyama

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vya kamba. Ilikuwa Mombasa, tulikokimbilia kutoka kisiwani Koyama, karibu na Kismayu, nikiwa mdogo. Meneja wa Ziara alinitazama miguuni akacheka. "Mwanaesha, unapeleka wageni hekalu la Wahindu, na humo viatu huvuliwa. Utafungua kamba hizo mara ngapi leo? Kanunue ndala!"

Wakati ule mtembeza wageni hakutegemea simu, alikariri. Nilijifunza kueleza kengele ya mlangoni na prasadi, chakula kilichobarikiwa anachopewa kila aingiaye. Mimi Mwislamu, sikuabudu, nilieleza tu, na makuhani wakanizoea.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Kismayu, chini ya Msimamizi wa Safari za Bahari, aliyenifundisha kusoma maji. Huko ndiko alikokuja Mzee Jayanti. Alizaliwa Kismayu, akaondoka mtoto. Alitaka kuona hekalu alimosali mama yake, kisha shimo la mwambani Koyama linalorusha bahari juu angani. Shimo hilo hurusha maji siku za bamvua tu, yaani maji makubwa, tena yakiwa yanajaa. Bamvua ilikuwa siku ile ile, na yeye alikuwa anaondoka kesho yake.

"Chagua kimoja, Mwanaesha," Msimamizi akaniambia.

"Vyote viwili, bwana."

Hekalu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la zamani, na sasa familia iliishi humo. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mgeni wa wapi huyu?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Jayanti, ambaye tangu asubuhi alisema Kiingereza tu, akamjibu: "Si mgeni, mama. Mimi ni mchu wa kwechu."

Mama yule alishika kifua. Mtu wa kwetu! Mhindi anasema Kibajuni! Akatuingiza mbio, akasogeza magunia ya mchele. Ukutani palikuwa na kishubaka cheusi kwa masizi ya taa.

"Hatujayafuta," akasema. "Bibi yangu alituambia yana wenyewe."

Mzee akavua viatu, akaweka kiganja juu ya weusi ule, akalia bila sauti. Nami nililia, huku nikitazama saa.

Tulikimbia hadi kwenye boti. "Maji yanajaa!" nahodha akapiga kelele, akaiachia mashine. Tulipanda mwamba wa Koyama tukihema. Kimya. Nikadhani tumechelewa. Halafu chini ya miguu yetu jiwe likanguruma, na bahari ikachomoka shimoni, nyeupe, ndefu kuliko mnazi, ikatumwagikia sote. Mzee Jayanti akaruka kama mtoto. "Tena!" akaliambia shimo. "Tena!" Likarusha tena.

Sikuwa nimemwambia kwamba tangu tukimbie, nami nilikuwa sijakanyaga Koyama hata siku moja. Nilimwambia pale pale, nguo zinanichuruzika. Akanishika mkono.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii huniuliza nani alikuwa mgeni wangu bora. Nawaambia siku ile hapakuwa na mgeni. Walikuwapo watu wawili tu, wamefika kwao.