Kalunguyeye wa Mbuke

Mbuke hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema na kuku, alisema na sufuria, na maksai wake wawili, Sumbuka na Tulia, aliwasimulia habari za ukoo mzima kana kwamba kuna siku wataulizwa. Kwa hiyo asubuhi ile ya kipupwe aliponyamaza ghafla kwenye rundo la mabua ya mpunga, mkwewe Severina alitupa ufagio akamkimbilia, akidhani ni nyoka.

Hakuwa nyoka. Ndani kabisa ya rundo, mahali mkono wa Mbuke ulipozama ukitafuta mabua ya kulisha maksai, alikuwa amelala kalunguyeye. Amejikunja duara, miiba nje, mwili baridi kama jiwe la mtoni. Hata alipookotwa hakushtuka.

"Amekufa huyo, mama," Severina alisema.

"Amekufa wapi! Amelala. Hii ni baraka imekuja kwa miguu yake. Lete kikapu cha mbegu."

Mbuke alizaliwa Shinyanga, akaolewa huko huko, kisha akashuka Usangu na mumewe kufuata malisho. Mume alikwisha kuzikwa hapa Madibira, na shamba likabaki kwake na kwa mwanawe Charles. Misimu miwili mfululizo mpunga wao ulitoa mapepe matupu, na majirani walikuwa wameanza kumsalimia kwa ile sauti laini ya kumhurumia mtu, sauti aliyoichukia kuliko matusi. Sasa, bibi yake kule Usukumani kila alipompata kalunguyeye alimlaza juu ya mbegu, na mavuno hayakumtupa. Mbuke naye akafanya vivyo hivyo, na ili baraka isipate baridi, kikapu akakisogeza karibu na mafiga.

Bibi yake alifanya hivyo mvua zikiwa zimeanza. Hilo Mbuke hakulikumbuka, maana furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

Joto la moto likamwamsha mgeni. Akaanza kutembea jikoni akiyumba, akinusa kila kona, na Mbuke akampigia vigelegele. Akampa ugali, aliunusa akaupita. Akampa maziwa, yakamharisha. Mende wa jikoni aliwamaliza upesi, na huko nje ardhi ilikuwa imekauka ikapasuka, hakuna mchwa wala jongoo. Akakonda, miiba ikaonekana mikubwa kuliko mwenyewe.

"Mama, kwetu Ipogolo tungemwacha alale," Severina alisema. "Mwezi wa saba huu, ameamka atakula nini?"

"Kwenu Ipogolo, huko barabara kuu, mnajua malori tu!"

Lakini alipompakata kwenye kanga, vidole vyake vikagusa mbavu. Akanyamaza kwa mara ya pili. Alikumbuka safari yao ya kuja huku, kiangazi, na ng'ombe mmoja mweupe aliyelala chini ya mti akitunza nguvu kidogo alizobakiwa nazo. Walikuwa na haraka. Wakamwinua kwa fimbo, akatembea, na jua halijazama akaanguka, asiinuke tena. Mbuke ndiye aliyeshika fimbo siku ile, naye alilia njia nzima.

"Nimemwinua tena," alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Akamrudisha kwenye rundo, akamfukia pale pale alipomkuta, akatangaza kwamba mabua yale hayaguswi mpaka mvua inyeshe. Tatizo ni kwamba lilikuwa rundo la mwisho. Charles aliporudi na maksai alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mayo, sasa maksai watakula baraka?"

"Nitawatafutia mimi."

"Wakianguka hawa hatulimi. Shamba tutabaki tunalitazama."

"Nimesema nitawatafutia."

Ikawa kila alfajiri anakwenda kukata majani kwenye kingo za mfereji, mbali, anarudi na mzigo kichwani. Mgongo ulilalamika, naye akaujibu kwa sauti. Watu wakacheka kwamba Msukuma amefuga miiba. Severina alinuna wiki nzima, kisha asubuhi moja akatokea mferejini na mundu wake.

"Simkatii kalunguyeye," alisema bila kuinua uso. "Nakukatia wewe."

Hata hivyo majani yalipungua. Maksai walikonda, na Tulia akawa hasimami asubuhi mpaka Charles amchape. Mbuke aliogopa. Alizunguka rundo lile jioni nyingi, akijua angeweza kulifungua na kuwashibisha maksai, na kila mara akarudi ndani mikono mitupu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Ilipokatika, kumbikumbi wakaruka uani kote. Mbuke alikuwa kibarazani na kikapu cha mbegu mapajani. Mabua yakatikisika chini, ikatoka pua, kisha miiba, kisha kalunguyeye mzima mzima, mwembamba lakini mkakamavu. Akapita karibu na mguu wa Mbuke bila hata kumtazama, akaanza kutafuna kumbikumbi kwa kelele za mlafi.

"Mshike, mama!" Severina alinong'ona. "Sasa ndiyo wakati wake, mbegu hizo hapo!"

Mbuke alikikumbatia kikapu. Alitamani mno, na machozi yakamtoka kwa kutamani.

"Mwache ale," alisema. "Mikono yangu ameshaijua."

Alikula akashiba, akapenya chini ya ua, akaenda zake.

Kesho yake, baada ya maksai kulala wameshiba mabua, Charles alikwenda zizini na nira begani na fimbo mkononi. Mbuke alimfuata, akamnyang'anya fimbo. Severina naye akaja, wakasimama wote watatu wakisubiri, na hakuna aliyesema kitu, hata Mbuke. Tulia alivuta pumzi. Akainua kwanza matako, akatulia kidogo, kisha akainuka mwenyewe.