Mbuzi Wangu na Matawi ya Barabarani

Harufu ya breki zilizochemka siwezi kuifananisha na nyingine. Si moshi, si mpira unaoungua, ni kitu kati ya hivyo viwili, na ndani yake mna chuma. Nikiisikia leo, hata kama ni gari dogo tu limeteremka vibaya, najikuta nina miaka tisa, nimesimama pekupeku katikati ya barabara ya Taveta, tawi la mkwaju mkononi, na mbele yangu pua ya lori iko karibu mno, joto lake linanipiga usoni. Karibu kiasi gani siwezi kuapa. Kwenye daftari langu la zamani niliandika hatua tatu. Kaka yangu, ambaye hakuwepo, anasema siku ile nilikuwa nikiwaambia watu hatua kumi. Tuseme ilikuwa kati ya hapo. Niliishia darasa la saba na sijazoea kuandikia watu wengine, kwa hiyo nitaeleza ninavyokumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwaka wa ukame. Tulikuwa tumeshuka kutoka Chawia, kule juu kwenye ukungu na migomba, tukaja kukaa kando ya barabara kati ya Mwatate na Voi kwa sababu Baba alipata kazi kwenye shamba la mkonge. Huku chini kila kitu kilikuwa chekundu: udongo, kuta za nyumba, nguo zilizoanikwa, hata mate. Barabara haikuwa na lami. Lori likipita, vumbi lilibaki limesimama hewani mpaka lingine lije. Mama alikuwa na mtoto mchanga na maziwa yake yalikuwa machache, kwa hiyo mtoto aliishi kwa maziwa ya mbuzi, na mbuzi hao kumi na wanne walikuwa mikononi mwangu. Kila asubuhi nilitoka nao kutafuta jani, na kila siku jani lilikuwa mbali zaidi. Majani yaliyobaki yalikuwa juu ya mikwaju, mahali ambapo mbuzi hawafiki wala mimi sifiki. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na siliandiki kwa kujitetea. Au labda kidogo kwa kujitetea.

Basi siku moja, karibu saa nne asubuhi, nikiwa upande wa juu wa kona kali inayozunguka jabali, nikakuta matawi ya mkwaju barabarani. Mabichi. Yamelazwa fungu baada ya fungu, yote upande mmoja. Nilidhani yamedondoka kwenye gari. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kidawida, lugha ya kwetu, nikayakusanya yote, nikayafunga kwa kamba ya mkonge na kuanza kuyakokota kuelekea nyumbani, ili niwagawie mbuzi sawasawa, maana ningewaachia pale wakubwa wangewamalizia wadogo. Kule kwetu Chawia malori yalikuwa machache, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba barabarani tawi bichi ni neno. Linasema: punguza mwendo, mwenzako ameharibikiwa mbele.

Nilipozunguka kona nikaona lori la mahindi limesimama, na miguu miwili ya mtu imetokeza chini yake. Alikuwa Mzee Rashidi, dereva wa Taveta, ingawa jina lake nililijua baadaye. Propela, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imekatika. Alikuwa ameifungua upande mmoja, sasa imemlalia kifuani, na msaidizi wake alikuwa amechukuliwa na lori jingine kwenda Voi kutafuta spea. Alisikia matawi yakikwaruza, akageuza kichwa.

“Mwanangu, hayo matawi umeyatoa wapi?”

“Barabarani, Mzee. Yameanguka.”

“Yameanguka!” Halafu sote wawili tukalisikia lori lingine likiteremka kutoka Mwatate, zito, injini ikilia. Hakunitukana. Alisema polepole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, “Mimi siwezi kutoka hapa upesi. Yarudishe, mama. Kimbia.”

Nilikimbia. Kamba ilikataa kufunguka, nikachomoa tawi moja nikapanda nalo kona. Mbuzi, ambao muda wote huo walikuwa wakiyatazama yale majani bila kuonja, wakanifuata wote kumi na wanne, wakilia, wakisukumana, wakaenea barabara nzima. Kwa hiyo niseme ukweli: aliyelisimamisha lori si mimi. Dereva mwenyewe aliniambia mimi hakuniona, nilikuwa mdogo na mwekundu kama vumbi. Aliona ukuta wa mbuzi. Breki zikalia, lori likayumba, mawe yakaruka, likasimama. Ndipo ile harufu.

Dereva akatoa kichwa dirishani. Alikuwa Mkamba mrefu aitwaye Kilonzo.

“Wee! Mtoto wa nani wewe? Nani amekufundisha kuchungia mbuzi katikati ya barabara? Unataka niende jela kwa ajili ya supu?”

Niliinua tawi tu. Akalitazama tawi, akanitazama, akaitazama kona, na uso wake ukabadilika. Alizima injini, akaweka mawe kwenye magurudumu, akachukua sanduku la spana na kushuka kwa miguu, na mimi nyuma yake. “Rashidi!” akaita. “Umelala tena chini ya lori? Mkeo amekufungia mlango?”

“Acha maneno, nishikie hiki chuma nipumue.”

Chuma kilipoondolewa kifuani mwa Mzee Rashidi, Kilonzo alinishika mkono tukarudi juu kuyatandika matawi upya. Alinionyesha: la kwanza liwe mbali, kabla ya kona, si kwenye kona, weka jiwe juu ya shina upepo usilichukue, na tandika pande zote mbili, chini na juu, kwa sababu kuna wanaotoka Voi. Baada ya hapo kila lori lililokuja lilisimama. Sijui kama leo mtu ataniamini, lakini hakuna hata moja lililopita. Mmoja alitoa maji ya kunawa, mwingine vitunguu, mwingine unga. Wakasonga ugali kando ya barabara, na msaidizi, mtu mzima mwenye ndevu, aliporudi na spea, wakamlaki kama bwana harusi. Kufika saa nane malori yalikuwa matano. Wengi hawakujuana majina. Waliitana kwa mzigo: “Mahindi, lete spana.” “Mkonge, sogea hapo.”

Mama alikuwa ameshafika, mtoto mgongoni, na aliposikia nilichofanya hakukaa. Alisimama kando ameshika kanga yake kwa mikono miwili, akingoja kuambiwa mbuzi wake wangapi watachukuliwa kulipia kosa langu. Nami nililijua hilo, na nilijua kwamba bila wao mtoto yule hangekuwa na cha kunywa kesho. Hata hivyo, walipokuwa wakila, nikasimama mbele yao nikasema, “Kosa ni langu. Niliyachukua mimi.” Nimejiuliza mara nyingi kama ulikuwa ujasiri au nilitaka tu yaishe.

“Kosa lako?” Mzee Rashidi akatikisa kichwa. “Mimi niliyaweka bila jiwe hata moja. Mtoto ataonaje kama yamewekwa? Kosa ni langu.”

“Hapana bwana,” akasema Kilonzo. “Mimi nilikuja kama nafukuzwa. Kosa langu.”

“Basi ni la mbuzi,” akasema yule wa mkonge. “Wao ndio mashahidi na hawataki kusema.”

Wakacheka mpaka ugali ukawapalia. Mama akakaa. Walimpa sahani.

Lori lilipowaka, Mzee Rashidi aliniita. Akaniambia matawi huondolewa na aliyeyaweka, na hayaondolewi mpaka gari liko tayari kwenda, na ukiondoka ukayaacha umewadanganya wenzako wote wanaokuja nyuma. “Leo utayaondoa wewe,” akasema. Nikapita pande zote mbili za kona, nikaokota moja moja, na wanaume watu wazima wakakaa ndani ya malori yao wakinisubiri. Nilipomaliza akasema, “Sasa wape wenyewe.” Nikayatandaza pale pale, mbuzi wakala katikati ya barabara ya Taveta, injini tano zikinguruma taratibu, hadi jani la mwisho. Ndipo wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akanipigia honi mara mbili.

Honi hizo ziliendelea ukame mzima. Nikizisikia nilitoka mbio, kwa maana waliokuja kutoka Taveta, kwenye maji na mashamba mabichi, walikuwa wamefunga majani ya migomba juu ya turubai, na wakifika kwetu wanapunguza mwendo na kuyadondosha. Si kila lori, wala si kila siku, lakini mbuzi wetu hawakufa hata mmoja. Mtoto yule wa mgongoni sasa ana mvi na anabishana nami kuhusu siasa.

Siku hizi barabara ni lami mpaka Taveta, malori yana alama za kung'aa na madereva wana simu. Sitaki kusema kwamba wamekuwa watu wabaya; wengi wanakimbizwa na ratiba ambazo hawakuzipanga wao. Lakini mwezi uliopita, nikitoka kwangu Kaloleni, hapo Voi, nilikuta matawi kando ya barabara kuu na hakuna gari mbele. Mtu alitengeneza gari lake akaenda zake, akayaacha. Niliinama, goti likanisema, nikayaokota moja baada ya jingine. Trela moja likapunguza mwendo, dereva akanitazama, akapiga honi mara mbili. Huenda alikuwa akinifukuza nitoke barabarani. Nimelifikiria jambo hilo kwa haki, pande zote mbili, na kwenye daftari nimeandika: alinisalimu.