Mkaja Juu ya Mfuko

Sikusoma mie. Nilitoka darasa la pili nikakaa na mama kuchoma vitumbua, na kutoka kwenye vitumbua nikapanda mwenyewe, bila ya kushikwa mkono na mtu, mpaka nikawa mpishi wa harusi. Nyumba yangu ya Jang'ombe imejengwa kwa biriani. Kwa hivyo mtu akinambia nikae kitako nitazame wenzangu wanapika, hasira hunipanda, na sitaki radhi kwa hilo.

Hospitali walinipasua kwa maradhi ya utumbo. Wakanitoboa tundu kushoto ya kitovu, wakauchomoza utumbo nje, na choo changu sasa kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa pale. Haya, nilikubali. Mfuko nshauzoea, nnaumwaga na kuusafisha mwenyewe. Lililonishinda ni lile jengine.

"Bibi," aliniambia muuguzi, msichana mdogo mwenye adabu zake, "kwa sasa mwisho wako wa kuinua ni birika la chai, nalo lisijae. Tumbo limelegea hapo penye tundu. Ukiinua vizito, utumbo utasukuma utoke uvimbe."

"Sasa nifanye nini?"

"Utembee. Kila siku, pole pole."

Nikatembea. Asubuhi nnatoka Jang'ombe mpaka Amani kwenye uwanja wa mpira, kisha nnarudi, mikono mitupu. Maisha yangu yote sijapata kupita njia ile bila ya kikapu. Watu wananiuliza, "Bi mkubwa, umepoteza nini?" Hawajui kitu. Anayejua ni wifi yangu peke yake, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tumepika pamoja tangu tuna meno yote.

Ikaja harusi ya Chukwani. Nilikuwa nshaikubali kabla ya kupasuliwa, na nnavyowajua watu wa mji huu, ukikosa moja tu wanasema yule kwisha, na harusi zote zinahamia kwengine. Nikafikiri. Kila nilipozaa, mama alinifunga mkaja, ile kanga inayokazwa tumboni ili tumbo la uzazi lirudi. Na mkaja wangu nilikuwa nasimama jikoni hata arubaini haijatimia. Nikamwita wifi yangu chumbani, nikampa kanga.

"Nifunge."

"Juu ya hicho kifuko?"

"Juu ya hicho hicho. Tumbo ni tumbo."

"Makubwa! Na safari hii umezaa nini, wifi yangu? Utumbo?"

"Kaza, wacha maneno."

Akakaza. Nikajiona nimerudi ujana. Chukwani nilichagua nyama, nilikaanga vitunguu, nilitukana watu kama kawaida yangu. Wali ulipoiva, sufuria likatakiwa litoke kwenye mafiga. Waliokuwepo wakaanza kutegeana. Nikashika mshikio mmoja, wifi yangu akashika wa pili, tukainua.

Lilitoka. Lakini nilipolitua tu nikahisi umajimaji wa moto unashuka ubavuni. Kumbe mkaja ulikuwa umeubana mfuko mchana kutwa, kilichomo kikakosa pa kwenda, kikatafuta njia yake pembeni. Gauni likaanza kuingia doa, na wanawake wa harusi wako pale pale, macho kodo. Nikashindwa kwenda mbele, nikashindwa kurudi nyuma.

Wifi yangu akanitazama uso, akatazama gauni. Akanyanyua beseni la maji yaliyooshewa mchele, akanimwagia kuanzia kifuani mpaka miguuni.

"Toba yarabi, nshakurowesha!" akapiga kelele. "Na wewe mzee mzima unasimama njiani kama nguzo ya umeme!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Akaniburura mpaka chooni huku ananilaumu kwa sauti kubwa, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ikanisitiri kwa iliyobaki. Mlango ukafungwa. Alinivua ule mkaja akautupa chini kama nyoka.

Nilirudi kwa muuguzi. Pembeni ya tundu palikuwa pamevimba kidogo. Akaniambia upo mkanda wake maalumu, wenye nafasi ya mfuko, nao hukazwa kwa kipimo. Akanifundisha kuinuka kitandani kwa ubavu, na kitu chepesi nikikiokota nikunje magoti, nikikumbatie karibu, nitoe pumzi.

"Na sufuria la harusi lini?"

"Lile, bibi, usilitarajie tena."

Nilitoka bila ya kuaga.

Harusi iliyofuata nilikwenda, mkanda umo ndani. Nilionja, nilikoleza, nilipanga nyama na wali mwenyewe. Wakati wa kuinua, mkono ukanitoka wenyewe, na wifi yangu akaupiga kwa mwiko. "Toa!" Wakainua wengine, likawalalia upande, rojo lote likahamia pembe moja. Nilisaga meno.

Watu wakala. Bibi wa bi harusi akaja jikoni na sahani yake tupu, akanipita, akamshika mkono wifi yangu aliyerowa jasho.

"Mkono wako mtamu, mwanangu. Hukukosea kitu."

"Mie? Mie punda wa mzigo tu," akasema wifi yangu. "Mpishi ndiye huyo."

Yule bibi akalitazama gauni langu safi, akaitazama mikono yangu mikavu, akacheka kwa adabu, kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

Nikaichukua ile sahani yake, nikampakulia tena, nikaijaza mpaka juu. Sahani sikukatazwa.