Sauti ya Msusi Kwenye Simu za Watu

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja wake aliposikia simu ya mteja huyo ikiimba kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Kitana kikamponyoka. Ulikuwa wimbo aliomtungia mumewe, dereva wa lori, enzi wakiwa bado wageni katika ndoa, mume kakwama safarini na nyumba imekuwa kama pango. Alijirekodi jikoni, akamtumia. Katikati ya ubeti kikohozi kilimbana, akacheka, akamalizia kwa kusema, "Rudi basi, chai inapoa." Mume hakujibu neno. Naye kwa haya hakuuliza, akaamini hata hakuusikiliza.

"Ina maana hujausikia huu?" mteja akashangaa. "Dada, unaishi wapi?"

Akamfungulia video moja baada ya nyingine. Bibi harusi anaingia ukumbini. Mlinzi yuko peke yake langoni. Mama anapanga viatu vya mtoto, hasemi mtoto yuko wapi. Kuna hata jamaa aliyepotelewa na paka. Wote wameandika maneno yale yale: chai inapoa. Ndiyo imekuwa namna ya watu kuambiana nimekukumbuka.

Msusi alimalizia kichwa kile, mistari ikaenda upogo. Alijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango akioga.

Mume aliporudi, hakumpa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Nani kanianika mitandaoni?"

Mume akakaa. Watu walimwita Bubu, na si bure; maneno yalimtoka kama dawa ya meno inayokaribia kwisha.

"Dereva mwenzangu alifiwa na mkewe," akasema. "Akawa hali, halali. Nikampa asikilize. Akauomba, nikamtumia. Sikujua angeuweka huko."

"Pamoja na kikohozi changu?"

"Alisema kikohozi ndicho kilichomliza. Marehemu naye alikuwa hamalizi wimbo."

Msusi akatafuta pa kukaa. Kisha likamjia swali jingine.

"Wewe uliutoa wapi? Ile simu si ilikufa zamani?"

"Kila nikibadilisha simu nauhamisha kwanza, kabla ya namba za watu."

"Na hukunijibu."

"Nilijaribu kukuimbia. Nikafuta."

Msusi akamtazama upya. Miaka yote hiyo amelala ubavuni mwa mtu huyu akidhani anamjua nje ndani.

"Kesho unipeleke kwa mwenzako," akasema mwishowe. "Nimgombeze kwanza, halafu nimpe pole."

Walimkuta uani anafua, kawapa mgongo.

"Hodi, shemeji," Msusi akaita.

Yule bwana hakugeuka. Mikono ilisimama ndani ya povu, mabega yakaanza kutikisika. Ugomvi wote aliokuja nao Msusi ukamyeyukia mdomoni. Akavuta kigoda hadi kando ya beseni, akapandisha mikono ya gauni, akaanza kusuuza.