Barua ya Njuguna, Sandukuni

Kosa la wengi wetu ni kumchagulia kijana njia ya hoki, ya klabu au ya chuo, kabla ya kumuuliza.

Miaka ya hamsini, mdogo wangu Njuguna alitaka kucheza chuoni huku akisoma.

Nikamtia katika timu ya vijana ya klabu moja, Thika. "Hapa utakomaa haraka," nikamwambia.

Msimu wa kwanza akaumia goti. Hakucheza tena.

Alinifariji mimi! "Usijilaumu, kaka. Hata chuo kilinikataa."

Tulimzika juzi. Leo, nyumbani kwake Ruiru, nimefungua sanduku lake kutafuta picha, nikakuta barua ya chuo.

Kilimkubali.

Mkewe akaninyang'anya. "Shemeji, hiyo hukupaswa kuiona. Alisema utalia."

Nimelia.

Una kijana anayecheza? Muulize leo anataka njia gani, kisha nyamaza umsikilize.