Mashua Iliyopumzika Jumamosi

Juzi nilirudi nyumbani, kando ya ziwa huko Homa Bay, nikamkuta baba mdogo amekalia debe ufuoni. Kwenye vizimba vyake vya kufugia samaki ziwani, ngege walielea matumbo juu. Nyavu zilikuwa zimevaa utelezi wa kijani, mzito kama blanketi iliyolowa, na konokono wameziba matundu. Maji hayakupita, samaki wakakosa hewa.

"Profesa," akaniambia, "umekuja kusomesha maiti?"

Nilistahili. Mimi ndiye niliyempigia simu alipoanza ufugaji, kwa sauti ya mtu mwenye shahada, nikamhakikishia kwamba wavu wa kisasa haushiki uchafu. Sijawahi kusugua wavu maishani mwangu. Nilichowahi kusugua ni mashua ya babu, ile ya buluu.

Sisi tulikuwa Wasabato, rafiki yangu. Ijumaa, jua likingali juu, mashua ilivutwa mchangani ikapinduliwa, nasi watoto tukaikwangua tumbo kwa magunzi ya mahindi. Harufu ilikuwa ya tope, samaki na mbao mbichi. Nyanya alikuwa jikoni akikaanga omena, dagaa wa ziwani, wa kesho, maana Sabato moto haukuwashwa. Bata wake walitufuata wakimeza konokono na kupigana mabawa kama wageni wa harusi waliochelewa kupakuliwa. Yaliyotushinda tuliliachia jua la Jumamosi. Tukitoka kanisani, utelezi ulikuwa umekauka, unabanduka kwa ukucha kama ukoko wa ugali.

"Hata mashua hupumzika," babu alisema. "Inyimeni siku yake, ziwa litaila."

Nilipofika chuo kikuu niliucheka msemo huo. Ushirikina, nikasema, na wenzangu wakanipigia makofi.

Kizimba hakina Sabato. Kimo majini Jumatatu hadi Jumatatu, na viumbe vidogo vinaota juu yake bila kuulizwa.

"Utaweka samaki wengine?" nilimuuliza baba mdogo.

"Nani? Mimi? Naenda kisiwani Remba kuanika omena wa watu."

Kisha akanipa gunzi. Tulipanda mtumbwi wa jirani kwenda kusafisha fremu ya kizimba, labda mtu angeichukua. Nilipokwangua ubao wa kwanza, rangi ya buluu ikajitokeza chini ya utelezi. Niliijua buluu ile.

"Ni mashua ya babu?"

"Mbao ningetoa wapi?"

Nikazidi kukwangua, polepole, kama tulivyofundishwa. Utelezi ukatoka. Ubao nao ukatoka, laini kama uji, ukapita kati ya vidole vyangu na kuzama ziwani.