Aunty Aliyepiga Pasi Karatasi Zangu za Kadi

Leo mtu amepiga pasi karatasi ambazo nilizikunja kwa makusudi.

Mnajua natengeneza kadi za harusi kwa mkono hapa Kawangware 46. Nakunjakunja tishu, naibandika kwa gundi kwenye karatasi ngumu ya manila, ikikauka napitisha rangi juu juu tu ndio ile mikunjo ionekane. Ni kazi ya siku mbili.

Asubuhi aunty wa bibi harusi aliyeniagiza kadi akaja kukagua. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, jameni. Akashika moja kwa vidole viwili kama soksi chafu.

"Mbona zimekunjana? Wageni watatuonaje?"

Nikamwambia ndio mtindo. Akanicheka.

Nikatoka kunawa gundi mikononi. Kurudi, ameomba jirani pasi na yuko kazini!

Gundi imeyeyuka, karatasi imenata kwa pasi ya watu, moshi kila mahali. Kadi kumi zimeenda. Na bado ananiambia eti nilitumia gundi mbaya!

Hapo bibi harusi akaingia. Akapitisha kidole kwa zile zilizobaki, polepole, akatabasamu.

"Hizi ni poa sana! Nani alifikiria hii kitu?"

Aunty, bila haya: "Si ni mimi nilimwonyesha."

Bibi harusi akamsukumia tishu na gundi. "Haya aunty, nifunze na mimi."

Aunty akachomoa simu ambayo haikuwa imelia, akatoka mbio akisema, "Haloo?"

Wewe ungenyamazia hizo kadi kumi kweli?